Jina Lisilochapishwa

Tuanze na sheria, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Siku ya mchujo wa chama unaingia kibandani, pale Miritini au popote Kenya, unakuta karatasi haina umtakaye. Unachukua kalamu na pembeni ya majina unaandika la kwako: la mwalimu aliyekufundisha darasa la sita, au la yule mama wa viazi karai stejini ambaye watu wakigombana ndiye anayeitwa. Kura hiyo haiendi kwa mwalimu wala kwa mama viazi. Kanuni za uchaguzi zinasema karatasi iliyoandikwa kitu au kutiwa alama hata isijulikane imempigia nani ni batili, haihesabiwi. Huo ndio utaratibu wa uchaguzi mkuu, na michujo ya vyama hufuata mtindo ule ule: majina yamekwisha kuchapishwa, kazi yako ni alama moja tu.

Basi, swali limekwisha? Kisheria ndiyo. Lakini waliowahi kukesha vituoni wakiwa mawakala watakwambia kwamba kwenye lile fungu la kura zilizokataliwa hakukosekani karatasi zilizoandikwa. Nyingine matusi, nyingine maombi (mtu anaomba barabara, kwenye karatasi ya kura!), na nyingine jina la mtu ambaye hakuwa akigombea. Aliyeandika jina alijua halitahesabiwa. Si mjinga huyo. Alipanga foleni juani, akatoa kitambulisho, kisha akafanya jambo analojua halimpi mtu kiti. Mimi namtaka huyo. Nataka kujua alifanya nini hasa: alipoteza kura, au aliipiga?

Na nataka kumuuliza akiwa kwenye mchujo, si kwenye uchaguzi mkuu. Kuna maswali mawili hapa ambayo huwa tunayachanganya. Agosti tunaulizwa: kati ya hawa, nani? Hilo ni swali la orodha, na anayejibu nje ya orodha kweli hajajibu. Mchujo, kwa madai ya vyama vyenyewe, ni swali jingine: nyinyi wenye chama, mnamtaka nani atubebee bendera? Ukiniuliza nitakula nini, kisha ukanitajia sahani mbili, hukuniuliza nitakula nini. Umeniuliza nataka ipi kati ya ulizokwisha kupika. Si dhambi, hoteli zote hufanya hivyo. Ila usiniambie mimi ndiye mpishi.

Vyama hutwambia sisi ndio wapishi. Tangu Sheria ya Vyama vya Kisiasa irekebishwe mwanzoni mwa 2022, mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliosajiliwa. Sawa kabisa, chama ni cha wenyewe. Tatizo ni kwamba kabla ya hapo, Juni 2021, Wakenya walipoingia eCitizen kuangalia hali zao, wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kelele zilikuwa kubwa, watu wakawa wanajitoa mmoja mmoja kwa simu. Hebu shika mambo haya mawili pamoja: chama kinaweza kuliandika jina lako bila kukuuliza, na wewe huwezi kuandika jina lolote kwenye karatasi yake.

Mnajua kwa nini jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwingine? Miritini ni wadi ya eneo bunge la Jomvu, lililokatwa kutoka Changamwe kabla ya uchaguzi wa 2013. Tangu likatwe, limepita kwenye chaguzi kuu tatu, na zote tatu ubunge umekwenda kwa mtu mmoja, Badi Twalib, kwa tikiti moja, ya ODM. Ugavana vivyo hivyo: Hassan Joho mara mbili, kisha Abdulswamad Nassir, wote chungwa. Sisemi ni vibaya, na wala sisemi debe la Agosti ni bure. Hassan Omar wa UDA alimtoa Nassir jasho 2022. Lakini mwenye tikiti ya chama kinachopendwa huanza mbio akiwa Kibarani wakati wenzake bado wako Mazeras. Mchujo ndipo mengi huamuliwa.

Sasa angalia mchujo wenyewe wa ugavana mwaka huo. Walioutaka kwa tikiti ya ODM walikuwa wawili wazito, Nassir na mfanyabiashara Suleiman Shahbal. Aprili 2022, baada ya mazungumzo na kiongozi wa chama, Raila Odinga, Shahbal akajiondoa. Mambo yakaisha kwa maelewano. Mwanachama wa Miritini aliyekuwa amejiandaa kuchagua kati ya wawili akaambiwa amebaki mmoja. Orodha ya sahani mbili ikawa sahani moja. Huenda ilikuwa busara, vyama vinavyopigana hadi Agosti hupoteza. Ila hakuna mtu aliyekuja kuuliza huku bara, ng'ambo ya Makupa.

Halafu likatokea jambo ambalo nadhani lilifundisha kuliko kampeni zote. Agosti 8, siku moja kabla ya uchaguzi, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alisimamisha uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa kwenye picha za wagombea. Karatasi zilichapishwa Ugiriki. Kaunti nzima ikasubiri hadi Agosti 29. Yaani kosa la mchapishaji kwenye karatasi linasimamisha uchaguzi wiki tatu, na ni sawa lisimamishe. Lakini mpiga kura akisema orodha yenyewe ina kosa, kwamba mtu anayefaa hayumo, karatasi yake inatupwa kando kabla chai haijapoa.

Neno letu la mchujo ni neno la jikoni. Umekuna nazi, umetia maji, unakamua kwenye kifumbu: tui linashuka, machicha yanabaki. Mwenye kuchuja ni yule aliyeshika kifumbu. Neno jingine tunalotumia ni uteuzi, na kuteua, ukilisikiliza vizuri, ni kazi ya mkubwa. Rais huteua, wananchi huchagua. Watanzania kwa CCM yao husema kura za maoni, na mimi naona wao ndio wakweli zaidi. Wanachama hutoa maoni, vikao vya juu ndivyo vinavyoteua, na aliyeongoza kwenye kura za maoni anaweza kuachwa na kikao. Angalau jina halimdanganyi mtu. Kwenye uchaguzi wa 1965, enzi ya chama kimoja, TANU iliwapa wapiga kura wa kila jimbo wagombea wawili waliopitishwa juu, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Watu walipiga kwa nguvu, hata mawaziri walianguka. Kwa hiyo orodha fupi si lazima iwe mzaha. Lakini ukimtaka mtu asiye jembe wala nyumba, hukuwa na la kufanya.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu wengi wetu tulizaliwa baadaye.

Agosti 1986 KANU, chama pekee nchini, kiliamua kwamba mchujo wake utakuwa wa mlolongo. Hakuna karatasi. Mwanachama anasimama mstarini nyuma ya mgombea au nyuma ya wakala aliyeshika picha, na afisa anahesabu vichwa. Makanisa kupitia NCCK yalipinga mapema: mchungaji atasimamaje hadharani nyuma ya mwanasiasa, na kesho awahubirie wale wa mstari wa pili? Hawakusikilizwa. Mlolongo wa kuchagua wagombea wa ubunge ulifanyika Februari 1988. Na kulikuwa na kanuni ya asilimia 70: aliyeifikisha alihesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna haja ya kura ya siri Machi. Kwa maeneo hayo mstari ndio uliokuwa uchaguzi. Waliokuwa watu wazima husimulia jambo moja wakitofautiana mahali tu: mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na macho ya watu elfu hayakuwa ushahidi. Desemba mwaka huo Kenneth Matiba, waziri, akajiuzulu akilalamikia wizi kwenye uchaguzi wa ndani wa chama. Mwaka 1990 kamati ya makamu wa rais George Saitoti ikazunguka nchi kusikiliza wananchi, na Desemba mkutano wa wajumbe Kasarani ukaufuta mlolongo pamoja na hiyo asilimia 70. Hapa Mombasa kigogo wa KANU siku hizo alikuwa Shariff Nassir, babake gavana wa leo. Nalisema tu ili msidhani ni mambo ya kale.

Kinachonishika kuhusu mlolongo ni hiki: huwezi kuiharibu kura yako, kwa sababu mwili wako ndio kura. Humtaki yeyote? Baki nyumbani. Au usimame uwanjani peke yako, nyuma ya nafasi tupu. Mfikirie mtu huyo. Mistari mitatu imejaa, yeye yuko pembeni chini ya mwarobaini, mbele yake hakuna kitu. Afisa anafika, anauliza, mzee, uko na nani? Naye anataja jina la mtu ambaye hakuruhusiwa kusimama. Hatahesabiwa. Lakini uwanja mzima umemwona, chifu amemwona, jirani amemwona, na kuna watu mistarini ambao usiku watageuka kitandani.

Aliyeandika jina kibandani anafanya kitendo kile kile, ila amezungukwa na kadibodi. Kura ya siri ilimpa usalama. Hakuna chifu wa kumwangalia. Na siri hiyo hiyo imemfuta, kwa sababu karatasi yake inatumbukizwa kwenye fungu moja na ya bibi aliyeweka alama mbili kwa kuwa macho hayaoni vizuri, na ya kijana aliyeirudisha tupu, na ya mlevi. Wote wanaitwa jina moja: zilizokataliwa. Mwaka 2013 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Kwanza televisheni zilionyesha zaidi ya laki tatu, tukaambiwa baadaye ni hitilafu ya programu iliyokuwa ikizizidisha mara nane. Kisha Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hizo hazimo katika kura zilizopigwa wakati wa kutafuta asilimia. Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, ukiziondoa anakuwa na 50.51. Sina ugomvi na hesabu. Nauliza tu, kati ya watu hao 108,975, ni wangapi walikosea na ni wangapi walikuwa wakisema kitu? Hakuna ajuaye, na hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna safu ya kuliandika hilo kwenye fomu.

Kuna nchi ambako kalamu inaruhusiwa. Marekani kila jimbo lina sheria yake, lakini mengi yana mstari mtupu mwishoni mwa karatasi. Kwenye mchujo wa chama cha Republican New Hampshire 1964, aliyeshinda ni Henry Cabot Lodge, ambaye hakuwa amejiandikisha wala hakuwa nchini. Alikuwa balozi Saigon. Watu waliliandika jina lake tu. Januari 2024 katika jimbo hilo hilo Joe Biden hakuwa kwenye karatasi ya mchujo wa Democrat, kwa sababu chama kilitaka South Carolina itangulie. Wafuasi wake wakamwandika, akashinda, huku chama chake chenyewe kikiwa kimekataa kuutambua mchujo huo. Na 2010 kule Alaska seneta Lisa Murkowski alishindwa kwenye mchujo, kisha akarudi Novemba kama jina la kuandikwa. Kampeni yake iligawa bangili za mpira zenye jina lake ili watu wasikosee herufi. Wapo waliokosea, kesi ikaenda mahakamani, na mahakama ya jimbo ikasema kikijulikana mpiga kura alimkusudia nani, herufi hazimnyimi kura. Akarudi bungeni.

Kwa hiyo mbona tusilete kalamu nyumbani? Kabla ya kuruka, kuna kesi ya Hawaii inayofaa kusomwa na kila mtu wa Mombasa. Mpiga kura mmoja wa Honolulu, Alan Burdick, aliona 1986 kwamba kiti cha bunge la jimbo kwake kina mgombea mmoja tu, na Hawaii hairuhusu kuandika jina. Akashtaki. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimshinda, majaji sita kwa watatu. Hoja ya wengi, kwa maneno yangu, ni kwamba uchaguzi upo ili kupunguza wagombea hadi abaki mmoja. Si mahali pa kutolea dukuduku, na mwenye mtu wake angemwandikisha mapema. Jaji Kennedy, kwa wachache, alijibu kwamba mahali ambapo chama kimoja kimetawala na viti vingi havina upinzani, kumnyima mtu kalamu ni kumwacha hana chaguo kabisa.

Kura ni ya kuchagua au ni ya kusema? Mimi nadhani majaji sita walikuwa sahihi kuhusu uchaguzi mkuu na walikosea kuhusu mchujo. Agosti lazima tupate gavana, na gavana hapatikani kwa dukuduku. Mchujo ni chama kikizungumza na watu wake, na mazungumzo ambayo upande mmoja unaruhusiwa alama ya tiki tu ni nusu mazungumzo. Wakenya tuna jibu la haraka hapa: si katiba ya 2010 ilileta mgombea huru? Kama humtaki yeyote, simama mwenyewe! Kweli, na hilo si dogo. Christopher Mtikila alilipigania Tanzania tangu miaka ya tisini, Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa haki Juni 2013, na hadi leo Watanzania hawana mgombea binafsi. Lakini mgombea huru ni haki ya mtu anayetaka kiti. Lazima awe hajawa mwanachama wa chama miezi mitatu kabla, awe na sahihi, awe na pesa. Kalamu ni haki ya mtu asiyetaka kiti, anayetaka kumtaja mwingine. Mama viazi hatajisimamisha milele. Angetajwa tu.

Kuna mtu ambaye hunijia akilini kila nikifikiria haya. Owino Uhuru, kijiji cha Mikindani, jirani na sisi, watu waliishi ukuta mmoja na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowatia sumu ya risasi kwenye damu, watoto hasa. Aliyesimama hakuwa mbunge wala diwani. Alikuwa Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale pale kiwandani. Alikamatwa, akaendelea, kiwanda kikafungwa, 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Sisemi alitaka kiti chochote. Ninasema kwamba katika miaka yote hiyo mkaazi wa Jomvu aliyeulizwa kwa dhati nani anakupigania angekuwa na jina, na jina hilo halikuwa kwenye karatasi ya chama chochote.

Niliyasema haya kwa bi mkubwa mmoja aliyekuwa wakala kwenye chaguzi zaidi ya moja. Akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, we wacheza. Leo nikikupa mia tano, sijui ndani ya kibanda umefanya nini. Waweza kula pesa yangu na kumpigia mwengine, na Mungu akusamehe. Sasa wewe wataka mtu aandike? Mimi nitakwambia andika jina langu kwa herufi kubwa, mwisho uongeze 'wa Bonje'. Wakala wangu akiiona mezani, najua ni wewe. Hiyo kalamu yako ndiyo risiti yangu."

"Lakini bi mkubwa, si hata sasa watu wanapiga picha karatasi kwa simu?"

"Wapiga, na ni makosa, na wakishikwa wana kesi. Wewe wataka tuihalalishe."

Sina jibu safi kwa hilo. Siri ya kura kwetu haimlindi mtu na chifu peke yake siku hizi. Inamlinda na mwenye mia tano, na mwandiko ni kama alama ya kidole. Ongeza na matatizo madogo: ukiandika Juma Hamisi, yupi? Miritini peke yake wako wangapi? Na ukimwandika mtu asiyeruhusiwa na sheria? Wiper ilimpa Mike Sonko tikiti ya ugavana wa Mombasa 2022 na tume ikamkataa kwa kuwa alikuwa ameng'olewa ugavana wa Nairobi. Kalamu ingempigia kampeni hadi leo. Kwa hayo nakubali kwamba jina lililoandikwa lisitoe mshindi. Hapo nimekubaliana na sheria, kwa sababu nyingine kuliko zake.

Wahindi walipata njia ya katikati. Septemba 2013 mahakama yao ya juu iliamuru kuwe na kitufe cha kuwakataa wagombea wote, bila mwandiko, bila risiti, na idadi yake inatangazwa. Ni kitu kizuri, na vyama vyetu vingeweza kukianza kesho, kwa sababu kanuni za mchujo huandikwa na chama chenyewe na kupelekwa kwa tume. Lakini kukataa na kupendekeza si kitu kimoja. Anayesema hakuna hata mmoja amefunga mlango. Anayeandika jina amekuja na mgeni mkononi. Kama chama kinaogopa mwandiko siku ya kura, basi kilete kalamu kabla ya karatasi kuchapishwa: wanachama wa wadi wataje, watakaotajwa na wengi waulizwe kama wako tayari, kisha ndio majina yaende kwa mchapishaji. Bi mkubwa anasema watanunua hapo pia. Yawezekana.

Linabaki swali la jirani, na hili ndilo linalonisumbua kuliko la sheria. Jirani yako atakwambia: wewe umeandika jina ukajiona msafi, mimi mtoto wangu anasubiri basari ya wadi, na yule mshenzi ameshinda mchujo kwa kura thelathini. Usafi wako nimeulipia mimi. Ana haki ya kuuliza. Kama kati ya majina yaliyochapishwa kuna tofauti inayofika kwenye sufuria ya mtu, mmoja atagawa basari kwa haki na mwingine atawapa wapwa zake, basi mimi naona aliyeandika jina lake pembeni amefanya anasa. Aliweza kuipeleka kura pahali ikasaidia, akaamua kujipendeza nafsi. Lakini kama majina matatu yametoka kwenye kifumbu kimoja, mkono mmoja umeyakamua na wote wameahidi kitu kile kile kwa watu wale wale, simwoni aliyepoteza. Alama yake kwa mmoja wao isingemfikia mtoto wa jirani. Ugumu ni kwamba kibandani uko peke yako na ni rahisi sana kujiambia wote ni wamoja. Mara nyingi si wamoja. Mtu anayetaka kuandika jina ana deni la kuwachunguza waliochapishwa kwanza, mmoja mmoja, hadi adiwani wa mwisho.

Na akishalipa deni hilo? Basi aandike. Kura yake haitamweka mtu kwenye kiti na anajua. Utaratibu wa kuhesabu unasema msimamizi ainue kila karatasi, awaonyeshe mawakala kabla ya kuiweka fungu lake, hata ile inayokwenda kukataliwa. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na michujo itakuwa miezi michache kabla, kwenye madarasa ya shule zile zile tulizosoma. Itakuwa saa nane usiku, balbu moja, malori yakipita barabara kuu kuelekea Mazeras. Msimamizi ataiinua karatasi, atakunja uso, atawageuzia. Vichwa vitainama mezani. Mmoja atalisoma jina kwa sauti, wengine watacheka, na mmoja hatacheka, kwa sababu anamjua mtu huyo na anajua kwa nini limeandikwa. Kisha itawekwa kushoto, na ataomba waendelee na inayofuata.